Fundi Friji Apigwa na Baridi: Siku Tisa za Kilimanjaro

Nimerudi wiki mbili sasa. Haya nimeyakusanya kutoka kwenye kijitabu changu cha kazi, kile ninachoandikia majina ya wateja na ubovu wa friji zao, na kutoka kwenye picha za simu. Ukikifungua utaona mwandiko unavyobadilika. Marangu, kwenye lango la mlima, naandika kama mtu. Horombo, katikati ya njia, herufi zimeanza kulala. Ukurasa wa usiku wa Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, una maneno matatu, mawili hayasomeki, la tatu ni "zipu". Nitalifikia.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, mwaka wa kumi na nne huu. Fundi yeyote hufundishwa jambo moja siku ya kwanza, na wateja wengi hawalijui mpaka leo: hakuna mashine inayotengeneza baridi. Friji inalitoa joto ndani na kulimwaga nyuma, kwenye zile nyaya nyeusi. Basi niliondoka Dar nikijiona hakuna wa kunifundisha habari za baridi. Kumbe nilijua nusu. Namna joto linavyotoka naijua. Namna linavyozalishwa sikuwahi hata kujiuliza.

Jumamosi, 9 Agosti. Mbezi hadi Moshi

Tuliondoka kituo cha Magufuli saa 12 asubuhi, nauli shilingi 40,000. Ilikuwa siku moja baada ya Nane Nane, basi limejaa maboksi na watu wa kurudi makwao. Mwenzangu ni dada Rehema, mtoto wa mama mkubwa, muuguzi wa wodi ya watoto wachanga. Safari ilikuwa yake. Alijiwekea fedha kwenye kikoba mwaka mzima, halafu shoga yake aliyekuwa aende naye akapata uhamisho wa kazi. Nikaingia kwenye nafasi ya shoga.

Kiyoyozi cha basi kilikuwa kimekwama kwenye kasi ya juu. Nilimwambia konda kuwa ni kitufe tu, akanijibu, "Bosi, wewe kaa." Kufika Chalinze mikono yangu imesisimka, vinyweleo vimesimama wima. Rehema akacheka. Akasema huo ni urithi uliobaki bila kazi: paka akisimamisha manyoya ananasa hewa katikati yake na kupata blanketi, sisi tumebakiwa na vinyweleo vya kuhesabika, lakini misuli midogo chini ya kila kimoja bado inajivuta kama zamani.

Nilichokishika zaidi ni alichosema baadaye. Joto langu la ndani, alisema, halijashuka hata kidogo, bado liko kwenye nyuzi 37 au karibu na hapo. Ngozi ndiyo imetoa taarifa, na ubongo umeanza kuchukua hatua kabla hasara haijafika ndani. Themostati ya friji haina akili hiyo. Yenyewe inangoja ndani pachemke kwanza ndipo iwashe kompresa. Ya mwili, iliyoko kwenye sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi, inasikiliza mlangoni na chumbani kwa wakati mmoja.

Korogwe dakika 20, wali kuku 7,000. Kutoka Mombo hadi Same nililala. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu mpaka tunashuka Moshi saa 10 na nusu jioni.

Jumapili, 10 Agosti. Moshi, kukodi vifaa

Sisi tulilipa shilingi 780,000 kila mmoja kwa siku sita za mlimani, ndani yake kuna viingilio vya hifadhi, kulala vibandani, chakula, kiongozi, msaidizi wake, mpishi na wagumu. Wagumu ndio wabeba mizigo, na jina hilo hawakupewa kwa mzaha. Nguo za baridi ni juu yako. Nilikodi koti, suruali ya nje, glovu na kofia kwa 60,000 kwa siku zote.

Kijana wa dukani alinisifia koti: "Hili lina joto sana, kaka." Nikaingiza mkono kwenye mkono wa koti. Ndani palikuwa na ubaridi uleule wa duka. Nikamwambia koti halina joto, koti ni kama ile fomu, lile povu gumu la ndani ya ukuta wa friji, linazuia tu. Joto nitalileta mwenyewe. Akakubali kwa adabu ya muuzaji, kisha akatazama begi langu lililokuwa wazi na kusema, "Hizo fulana za pamba ziache hapa. Nina za nailoni, elfu tano tu." Nilikuwa nazo tatu, mpya. Nikaona ananitafutia biashara.

Kwa atakayekwenda: ziache.

Jioni jirani wa chumba pale nyumba ya wageni alitushauri tubebe chupa ya pombe kali "ya kupashia mwili". Rehema akamkatalia kistaarabu. Pombe hufungua mishipa midogo ya ngozi, damu ya moto inakimbilia nje, uso unaona raha, na wakati huohuo unamwaga joto hewani. Mimi hilo lilinielea upesi. Ni kuacha mlango wa friji wazi na kufurahia upepo unaotoka.

Jumatatu, 11 Agosti. Lango la Marangu hadi Mandara (2,720 m)

Langoni tulichelewa karibu saa mbili. Unaandika jina kwenye daftari, mizigo ya wagumu inapimwa kwenye mizani maana kilo 20 ndiyo mwisho, na kundi lililo mbele yako lazima liwe na mtu aliyesahau kitambulisho. Kiongozi wetu ni kaka Eliya wa Marangu Mtoni, mtu wa maneno machache. Msaidizi wake Baraka ana maneno ya wote wawili.

Msitu ni mzuri, mbega wapo, njia pana. Nilipanda kwa fujo ya mtu wa mara ya kwanza, na nilipofika Mandara fulana ilikuwa inakamulika. Nikaketi kwenye ngazi ya kibanda nipige picha. Dakika tano baadaye natetemeka, na jua bado lipo.

Eliya alinitazama, akasema tu, "Badilisha." Baadaye, kwenye meza ya chakula, nikamuuliza Rehema imekuwaje nipate baridi wakati dakika tano nyuma nilikuwa nachemka. Akaniuliza nami: mota ya pampu ikifanya kazi, umeme wote unakwenda kusukuma maji? Nikasema hapana, mwingine unapotea kama joto. Basi misuli nayo ni hivyohivyo, tena mbaya zaidi: katika nguvu inayochomwa, robo au pungufu ndiyo inayokupandisha mlima, iliyobaki yote ni joto. Ndiyo maana unatembea na fulana moja kwenye hewa ya nyuzi kumi na husikii kitu. Ukisimama, mtambo umezimwa, na maji yaliyoko mgongoni yanaendelea kukunyonya. Mtu aliyeketi kimya hutoa joto la wati 100 hivi, kama ile balbu ya zamani ya kioo. Balbu moja haiwezi kukausha fulana mbichi na kumpasha mwenyewe.

Usiku tulilala wanne kwenye kibanda. Kwa kuwa usingizi haukuja, Rehema akaanza habari za wodini. Mtoto mchanga, alisema, hajui kutetemeka. Anakuja duniani na akiba ya mafuta ya aina yake, mafuta ya kahawia, nyuma ya shingo, katikati ya mabega na kuzunguka figo. Yale meupe tunayoyajua, ya kiunoni, ni ghala la chakula. Ya kahawia ni jiko. Chembe zake zimejaa mitokondria, vile vinu vidogo vya kuchomea chakula, na rangi yake inatokana na madini ya chuma yaliyomo ndani ya vinu hivyo. Ubongo ukituma amri ya baridi, protini moja iitwayo UCP1 inatoboa njia ya mkato, na nguvu ambayo ingehifadhiwa kwa kazi nyingine inatoka yote kama joto.

Nilikaa kitako kitandani. Hiyo naijua! Ni kompresa inayozunguka bila gesi. Umeme unaingia, mashine inanguruma, hakuna kazi inayofanyika, ukiigusa inakuunguza. Kwangu mimi huo ni ubovu wa kulipiwa. Kumbe kwa kichanga ndio uhai. Aliyezaliwa kabla ya wakati hana akiba ya kutosha, ndiyo maana wanamlaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, ile wanayoiita huduma ya kangaruu.

Watu wazima je? Kwa muda mrefu madaktari walidhani mafuta hayo huisha utotoni. Mwaka 2009 tafiti tatu zilitoka kwa pamoja katika jarida la New England Journal of Medicine, zikaonyesha kwamba watu wazima wengi bado wanayo kidogo, shingoni na juu ya mifupa ya mtulinga. Yalikuwa yakionekana kama madoa yanayong'aa kwenye picha za kutafuta saratani, hasa kwa wagonjwa waliopigwa na baridi kabla ya kupimwa. Nikajipapasa mtulinga gizani. Sikuona tofauti.

Jumanne, 12 Agosti. Mandara hadi Horombo (3,720 m)

Saa sita za kutembea, ukungu mwanzo hadi mwisho. Sina cha kusema.

Ila usiku nilitoka kwenda chooni mara nne. Mara ya tatu nilikutana na Rehema naye anatoka, tochi kichwani, tukacheka kama wezi. Sababu nayo ni joto. Mwili ukisikia baridi, kabla ya kuwasha chochote, unabana kwanza: mishipa ya ngozi, mikono na miguu inajikaza, damu inarudi katikati kulinda moyo, ini na ubongo. Sasa damu ileile imejazana kwenye nafasi ndogo, figo zinadhani maji yamezidi, zinayatoa. Urefu wa mlima nao una mchango wake. Msipunguze maji kwa kuogopa safari za chooni. Chagueni kibanda kilicho karibu na choo.

Jumatano, 13 Agosti. Horombo, siku ya kuzoea

Hii ndiyo siku niliyoipenda kuliko zote. Eliya alitupandisha hadi Zebra Rocks, miamba yenye mistari myeupe na myeusi, kisha tukarudi kulala palepale Horombo. Ukiambiwa uchague siku tano au sita, ongeza pesa uichukue hii.

Asubuhi niliosha vyombo vyangu kwenye maji ya bomba, mikono mitupu, kwa ukaidi tu. Vidole viligeuka vyeupe, vikauma, vikafa ganzi. Niliendelea. Baada ya dakika kama saba, vikiwa bado majini, ghafla vikawa vyekundu na joto likavirudia kana kwamba mtu amefungua koki. Nina picha yake. Halafu vikafa tena, halafu vikafufuka. Nilimwonyesha Rehema nikidhani nimepata maajabu, kumbe yameandikwa zamani: daktari Mwingereza Thomas Lewis aliyaeleza mwaka 1930. Mishipa iliyobanwa inalegea kwa zamu, vidole vipate damu visife, kisha inabana tena. Ukiwa mwili mzima umeshapoa, zamu hizo zinapungua au zinakoma, vidole vinaachwa vijitegemee.

Njiani kuna ile mimea mirefu kama migomba iliyovaa makoti, dendrosenesio. Majani yanayokufa hayadondoki, yanabaki yakiufunika mwili wa mti. Usiku maji huganda, mchana jua linachoma, na mti hauwezi kujitengenezea joto, kwa hiyo umeweka fomu. Niliupiga picha kumi na moja. Baraka aliniuliza kama nina mpango wa kuuoa.

Mchana ukumbini tulikaa meza moja na kundi la Wakenya watano. Mmoja wao, mzee wa miaka sitini na kitu, alikuwa mwalimu mstaafu wa fizikia. Nilipomwamkia na kumwambia kazi yangu, akavuta kiti. Akanisimulia kisa cha wanasayansi wawili Wafaransa, Lavoisier na Laplace, Paris, majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783. Walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu, wakapima maji yaliyoyeyuka kwa joto la mnyama, wakapima na hewa aliyoitoa kwa pumzi. Kisha wakalinganisha na mkaa unaowaka unaotoa hewa ileile. Hesabu zikakaribiana. Kupumua ni kuungua, taratibu, bila moto kuonekana.

"Kwa hiyo, fundi," alisema mwalimu, "ukitaka kujua nguvu ya mtambo wako, usiangalie koti. Angalia sahani."

Akanifanyia hesabu nyuma ya karatasi ya biskuti. Kikombe cha chai cha mililita 250, chenye nyuzi 60. Kikishuka hadi nyuzi 37 za mwili kinakuachia kilokalori 6 hivi. Vijiko vitatu vya sukari ndani yake, gramu 12, vinakupa 48. Nilirudia kuisoma. Miaka yote nimedhani chai inapasha kwa sababu ni ya moto. Umoto wake ni zawadi ya njiani. Mzigo wenyewe ni sukari.

Halafu akanipa pipi ya mnanaa, akaniambia nivute hewa. Kinywa kikawa barafu. Pipi haikuwa baridi, mate hayakuwa baridi. Kuna kipokezi kwenye neva, TRPM8, kinachofunguka kwa baridi na kinachofunguka vilevile kwa mentoli, ile kemikali ya mnanaa. David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja na maabara yake, walikitambua kwa njia hiyo, na kazi zao za vipokezi vya joto, baridi na mguso ziliwapa Nobel mwaka 2021. Nikamwambia mwalimu kwamba hicho ndicho kihisio kibovu: kinaripoti baridi isiyokuwepo. Akasema si kibovu, kimedanganywa na fundi.

Alhamisi, 14 Agosti. Horombo hadi Kibo (4,720 m)

Baada ya mahali pa mwisho pa maji unaingia jangwa kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo. Upepo, mawe, hakuna kingine. Kichwa kiliniuma kidogo na hamu ya kula ikapotea. Mpishi alituletea tambi na mchuzi saa 11 jioni. Nilikula vijiko vitatu nikasukuma sahani. Akarudi na uji. Nikakataa na uji. Yule kijana alisimama pale na bakuli, akasema, "Kaka, kunywa hata kama dawa." Nikamwambia nitakunywa baadaye. Yote niliyoambiwa na mwalimu jana yake niliyasahau ndani ya saa ishirini na nne.

Ijumaa, 15 Agosti. Usiku wa Kibo

Tuliamshwa saa 5 usiku, tukaondoka saa 6. Mwezi nusu ulikuwa unachomoza upande wa Mawenzi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda hewa hupoa nyuzi 6 na nusu hivi, kwa hiyo ukitoa hesabu ya Moshi utajua tulikuwa wapi, na bado hujaweka upepo.

Nilivaa kila kitu: fulana ya pamba, sweta mbili, koti. Eliya akaniambia, "Anza ukiwa unasikia baridi kidogo. Ukianza na joto utalowa." Nikafikiri, huyu amezaliwa hapa, mimi nimezaliwa Temeke. Nikafunga zipu hadi kidevuni.

Saa ya kwanza nilikuwa naungua. Jasho lilishuka mgongoni hadi kwenye mkanda. Saa ya pili, kwenye mchanga unaorudi nyuma kila ukikanyaga, nilichoka mwendo ukapungua, na joto likapungua nao. Karibu na pango la Hans Meyer, mita 5,150 hivi, mbele yetu kundi lilisimama kumhudumia mtu aliyetapika. Nasi tukasimama. Dakika kumi, labda kumi na tano.

Nilianza kutetemeka kama watu wanavyotetemeka, mabega na taya. Halafu kukaja kutetemeka kwingine ambako sikuwahi kukuona: mapaja, tumbo, mgongo, vyote kwa pamoja, siwezi kujizuia hata nikikaza. Hiyo ni misuli inayovutana yenyewe kwa yenyewe, mara kumi hadi ishirini kwa sekunde, bila kwenda popote. Mota iliyokwama, naijua inavyochemka. Mwili unaweza kupandisha joto lake hivyo hadi mara nne au tano ya mtu aliyekaa. Lakini mota iliyokwama inakula umeme, na hii inakula sukari ya kwenye misuli. Mimi niliweka vijiko vitatu vya tambi.

Nilitoa kijitabu niandike. Ndiyo yale maneno matatu.

Kisha kutetemeka kukapungua. Nikaona nafuu. Nikamwambia Eliya nimezoea. Yeye anasema sikusema hivyo, nilisema kitu kama "nimezoa". Rehema anasema nilimwita mama. Eliya akamulika uso wangu, akaniambia nifungue zipu ya koti. Niliishika, ikaponyoka. Nikaishika, ikaponyoka. Niliikasirikia ile zipu kwa hasira ambayo hata sasa naikumbuka vizuri kuliko chochote cha usiku ule. "Gusa kidole gumba kwa kidole cha mwisho," alisema. Kidole gumba kilisafiri hadi cha kati kikaishia hapo.

"Anayetetemeka nampa chai," Eliya alimwambia Rehema, si mimi. "Anayeacha kutetemeka kabla hajapata joto, huyo ndiye ananitisha."

Waliniingiza pangoni. Rehema akanivua kwa mikono ya mtu aliyevua watoto elfu. Fulana ya pamba ilikuwa mbichi kabisa. Maji hulibeba joto mara 25 hivi kuliko hewa, na mimi nilikuwa nimejifunga maji mgongoni nikayafunika na koti la kukodi. Hatukuwa na fulana kavu. Ndipo kundi la Wakenya likafika nyuma yetu, na yule mwalimu, bila kuuliza, akafungua begi lake akatoa fulana ya sufu ya kijivu ya mikono mirefu. "Ivae, fundi. Utanirudishia chini." Akaongeza tende nne na chai kwenye kofia ya chupa yake, tamu hadi inakwaruza koo. Nikakalishwa juu ya begi, si juu ya jiwe, maana jiwe nalo linanyonya. Rehema upande huu, Baraka upande ule.

Zikapita kama dakika 20. Halafu mapaja yakaanza upya. Meno yakagongana hadi Baraka akayasikia. Mimi nikaona nazidiwa, Eliya akacheka kwa mara ya kwanza tangu langoni: "Haya! Mtambo umewaka." Chini ya nyuzi 35 za ndani ubongo unakuwa mzito, na mwenye ubongo huo ndiye wa mwisho kujua.

Kwa watakaokwenda, kama hili litampata mwenzenu: mvueni kilicholowa, mkingeni na upepo na ardhi, mpeni kitu kitamu kama anaweza kushika kikombe na kumeza mwenyewe. Kama hawezi, msimnyweshe. Msimsugue mikono na miguu, msimpe pombe. Na msiulize maoni yake.

Mimi sikuulizwa. Eliya alinishusha Kibo, Baraka akaendelea na Rehema. Nilitembea mwenyewe, nikitetemeka hadi kwenye mlango wa kibanda. Mpishi alikuwa macho. Alikuwa na uji. Hakusema neno.

Rehema alifika Gilman's Point, kwenye ukingo wa kreta, jua linachomoza, na Uhuru, mita 5,895, saa 2 kasorobo asubuhi. Nilipomuuliza kuhusu baridi ya juu alisema hakumbuki baridi, anakumbuka pumzi. Alikula tambi zote, zake na zangu.

Jumamosi na Jumapili, 16 na 17 Agosti. Kurudi

Horombo hadi langoni kwa siku moja, magoti yanalia. Rehema alipewa cheti, mimi nikampiga picha akiwa nacho. Bahasha ya asante kwa timu tuliweka 150,000 kila mmoja. Ulizeni viwango mapema Moshi msije mkaaibika langoni. Koti nililirudisha. Kijana wa dukani aliniuliza kama lilikuwa na joto. Nikamwambia lilikuwa zuri.

Basi la kurudi nalo lilikuwa na kiyoyozi kibovu, hiki kwa upande mwingine. Kufika Chalinze fulana yangu ya pamba ya tatu, ile ambayo haikuwahi kuvaliwa mlimani, ilikuwa imelowa. Nikaiacha ilowe.

Mwalimu, kama haya yatakufikia: tulipofika Horombo kundi lenu lilikuwa limeshapita, na langoni tuliambiwa mmeondoka saa nne. Jina lako sikuliuliza, ni aibu yangu. Fulana yako nimeifua kwa maji ya vuguvugu, sikuianika juani. Ipo kwenye karakana, juu ya rafu ya kompresa, ndani ya mfuko.